Kilima Kilichotazama Bahari Tu

Magoti yangu yalistaafu mwaka mmoja kabla yangu, na ofisi ya bandari, baada ya kufikiri kwa kirefu, imekubaliana nayo. Nimekabidhi bendera, kamba na panga kwenu ninyi wawili mtakaopanda Mkwajuni baada yangu, nanyi mmeniomba niwaandikie kazi hii ilivyokuwa zamani za Wadachi. Mambo ya mshahara na vyeo nayaacha. Mshahara ulikuwa mdogo na cheo kilikuwa kimoja.

Kilima chenyewe mnakijua. Mtu mwenye afya akianza kupanda wakati birika linatiwa motoni, atafika juu kabla maji hayajachemka. Mji wetu uko chini yake, mdogo, kati ya Kilwa na Lindi, na nyuma yake inapita njia ya kwenda bara kwa Wamwera. Watu wa mji walikuwa wakikipanda kwa sababu za maana: kuni, mizizi ya dawa, mbuzi aliyepotea. Hakuna aliyepanda ili kutazama. Vilivyoonekana kutoka juu vilikuwa vilevile vya chini, ila vidogo zaidi.

Kisha akaja Bwana Forodha, Mdachi mnene mwenye ndevu za kahawia, akaona kilima, na kwa desturi ya kwao kilima kilicho karibu na mtu ni deni. Kila Jumapili ilimbidi akipande. Akaamuru ichongwe njia, na juu kabisa kijengwe kiti cha mawe chenye mgongo mrefu, kikitazama bahari. Upande wa bara, nyuma ya kiti, kichaka kiliachwa kama kilivyo. Bwana alisema upande ule hakuna cha kutazama.

Mimi nilikuwa nimetoka shule ya serikali ya Tanga na mwandiko mzuri na viatu, nikitegemea meza ya ukarani. Meza ilikuwa na mwenyewe. Bwana alinitazama, akatazama viatu, akasema kilimani panahitajika mtu anayejua kusoma, kwa sababu pamewekwa ubao unaokataza wenyeji kukalia kiti. Nilifikiri siku nzima juu ya jambo hilo. Ubao ulikuwa wa kusomwa na wenyeji, wenyeji hawakujua kusoma, kwa hiyo nimeajiriwa ili pawepo mwenyeji mmoja anayeweza kukatazwa. Mwisho niliona ni kazi ya heshima kwa namna yake, nikaikubali. Watu wakaniita Karani wa Mlima.

Mama hakupendezwa. "Umekaa Tanga miaka yote hiyo ili uje upande Mkwajuni?" alisema. "Mbuzi wa jirani anakipanda kila siku, na hajui hata alifu."

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Feruzi, ambaye zamani alikuwa kirongozi wa misafara ya kwenda Nyasa, mtu wa kutangulia mbele na kuwaonyesha wapagazi njia. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, na sikuwahi kumsikia akisema hajui. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza sikulala vizuri. Nikifika kilimani kabla yake ataniona ninajikweza, nikifika baada yake ataniona mvivu. Niliamua tufike pamoja, hivyo asubuhi nikajificha nyuma ya ua wa nyumba yake nimsubiri atoke. Alitokea upande wa pili, akanikuta nimechuchumaa.

"Karani," alisema, "unamvizia nani?"

Nilijifanya nafunga viatu, nikamfuata.

Ni yeye aliyenifundisha kutembea. Ninyi mnadhani mnajua kutembea, nami nilidhani hivyo. Aliniambia nisikitazame kilele, nitazame mahali pa kuweka mguu. Nikamwuliza nitajuaje kama nimefika iwapo macho yapo chini. Akasema, "Utaishiwa na kilima." Alinifundisha nisinywe maji katikati ya njia, nivue viatu, nikanyage kwa unyayo mzima. Alinifundisha kusafisha mifereji ya kando kabla ya masika, la sivyo njia inakuwa mto na mwezi mzima unaofuata mtabeba udongo kwa makarai kuurudisha juu. Hilo lishikeni. Na kwenye kona ya tatu, penye mawe, pigeni chini kwa fimbo kabla ya kukanyaga, kwa sababu nyoka kifutu hupenda kulala pale. Huyo wa sasa ni mjukuu wa yule wa zamani, naye hasomi ubao.

Jumapili tulipanda kwa mpangilio. Mbele Feruzi, kisha Bwana, kisha mimi na mwavuli, kisha mpishi na birika, kisha mtu wa mto wa kukalia, kisha askari mmoja aliyebeba darubini ndani ya sanduku lake kama anayebeba mayai. Bwana alikaa, akatoa pumzi, akatazama bahari, akasema neno moja la kwao. Feruzi aliniambia kwa uhakika kuwa maana yake ni kahawa, kwa kuwa kila likisemwa kahawa hufuata. Bwana alitazama kwa darubini, akanywa, akashuka. Darubini ilirudi bomani ikafungiwa kabatini mpaka Jumapili nyingine. Siku sita zilizobaki sisi tulifagia njia kwa chelewa na kupandisha bendera nyeupe meli ikionekana. Tulitumia macho yetu, kwa kuwa yalikuwa ya bei nafuu.

Tuliishi hivyo miaka kadhaa, hata nikaanza kupoteza wasiwasi, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

Ndipo habari za vita zikatufikia. Ilisemwa kwamba Umatumbi watu wameng'oa pamba ya serikali, wamekunywa maji yenye dawa, na risasi zitawageukia maji. Baadaye ilisemwa Wangindo wameinuka, kisha Wamwera. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mngindo aliyehamia pwani, kwa hiyo askari walianza kunitazama kidogo zaidi ya kawaida, nami nikaanza kutembea kwa namna ya mtu asiye na hatia, ambayo ni namna ya kutembea inayotia shaka sana.

Bwana alipanda kilimani siku ambayo haikuwa Jumapili. Alileta bendera nyekundu. "Mkiwaona waasi, pandisheni hii," alisema. Askari walikwisha pewa amri: ikipanda nyekundu, watoke mbio kwa njia ya bara na kumpiga risasi kila watakayemkuta njiani, bila kuuliza. Feruzi akauliza waasi watajulikanaje kwa mbali.

"Wanafunga mabua ya mtama kichwani," alisema Bwana.

Hilo lilikuwa kweli, kila mtu alilisikia. Lakini tulikuwa katika mavuno ya mtama. Nilitaka kumkumbusha. Nilianza kuipanga sentensi kwa Kidachi kichwani mwangu, kwa adabu, na nilipokipata kitenzi na kukiweka mwisho kama tulivyofundishwa, Bwana alikuwa amefika kona ya tatu.

Tatizo la pili lilikuwa kiti. Vita vilikuwa bara, na kilima chetu kilikuwa kimejengwa kutazama bahari. Ili kuona njia ya Wamwera juu ya kichaka ilikuwa lazima kusimama juu ya mgongo wa kiti, na ubao ulikataza hata kukikalia. Nilishuka kuomba ruhusa. Bwana alifikiri, akaruhusu tusimame, lakini tusikae, na miguu iwe imeoshwa. Kwa hiyo tukawa tunapandisha mtungi wa maji kila asubuhi ili tuoshe miguu kwa ajili ya vita.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama pale juu nikawaona. Walitokea penye mwinuko wa mbali, mstari mrefu wa watu, mmoja nyuma ya mwingine, wakija upande wetu. Na kila kichwa kilikuwa na mabua ya mtama.

"Kirongozi," nilisema, "panda uone."

Feruzi alipanda, akatazama mara moja, akashuka akaenda kwenye mlingoti akaanza kuifunga bendera nyekundu kwenye kamba. "Vita hivyo," alisema. "Nimetembea nchi hii kabla hujazaliwa. Jeshi nalijua kwa mwendo wake."

"Huenda ni watu wamebeba mavuno."

"Watu wanaobeba mavuno wanakwenda kwao. Hawa wanakuja kwetu."

"Huenda wanakimbia."

"Mbona hawakimbii?"

Hapo alinishika. Walikuwa wanatembea polepole. Lakini mtu aliyebeba mzigo na ametoka mbali angekimbiaje? Na jeshi, je, si nalo lingetembea polepole ili lionekane ni watu waliobeba mizigo? Nilimfikiria mama, nyumbani kwake chini ya kilima, upande ambao jeshi lingefika kwanza. Nikawafikiria wale wa njiani, nikajaribu kuona kama kuna aliyebeba mtoto mgongoni. Kwa macho matupu mtoto na podo la mishale ni kitu kimoja. Nilifikiria darubini kabatini. Kuishusha habari bomani na kuomba darubini kungechukua muda mrefu kuliko vita vyenyewe.

"Karani, ondoka nipandishe."

"Tukipandisha na si wao, watakufa bure."

"Na tusipopandisha nao ndio wao?"

"Basi nishuke nikawaone kwa karibu."

Feruzi aliniangalia kama mtu anayemwona mgonjwa. "Na wakikuua?"

"Basi utajua ni jeshi."

"Nitajuaje nawe umekufa?"

Tulikubaliana hivi: nikiwafikia nikaona ni watu wa kawaida, nitavua kanzu na kuipunga, naye ataiona nyeupe kutoka juu. Jua likifika juu ya mlingoti hajaona kitu, apandishe. Feruzi alisema ni mpango wa kijinga lakini mwenye shingo ni mimi.

Upande wa bara hapakuwa na njia, kwa kuwa Bwana hakuwa na haja nayo. Niliteremka kwa makalio na miiba. Nilipofika chini niliwasikia kabla ya kuwaona: sauti za wanawake, na kikohozi. Bado sikuamini. Nilijibanza nyuma ya mti, nikafikiri namna ya kuwajua bila kujitokeza, na hapo nikakumbuka utani.

Wangindo na Wamwera ni watani. Vijana wa siku hizi mnaujua kidogo tu, lakini wakati ule mtani angeweza kukutukana mbele ya mkweo, akachukua kuku wako, na kukasirika ni aibu yako. Jeshi lililokunywa dawa halijibu utani. Nikapaza sauti toka nyuma ya mti, kwa lafudhi ya baba yangu: "Nyie Wamwera, nani kawafungulia zizi leo?"

 Sauti ya mwanamke mzee ikajibu: "Tumesikia Mngindo mmoja amejifunza kuvaa nguo, tumekuja kutazama."

Walicheka wote. Nilitoka. Walikuwa wanawake, kama ishirini au zaidi, na watoto, na wazee wawili. Askari walikuwa wamechoma kijiji chao. Waume zao walikuwa wamechukuliwa na wenye dawa. Hawakuwa na nafasi ya kupura mtama, walikuwa wameukata na mabua yake na kuufunga mitumba, na mitumba ilikuwa kichwani. Aliyetangulia ndiye yule mzee, mwembamba, mwenye ndonya ya mti iliyotoboa mdomo wa juu, akiitwa Bibi Nalinga.

Nilivua kanzu upesi, nikaipunga juu. Nikaipunga tena. Ndipo nilipotazama kilimani nikaona kichaka. Kile kichaka cha nyuma ya kiti, ambacho mtu huona juu yake akisimama na kutazama mbali, kilikuwa kinaficha kila kitu kilichokuwa karibu chini yake. Feruzi angeweza kuiona Umwera yote asinione mimi.

Wanawake walikuwa wamekaa chini kwa kucheka, wengine wameshikana. Mngindo kifua wazi anapunga kanzu katikati ya njia.

"Wekeni mtama chini," nilisema. "Uondoeni vichwani. Askari wakiuona watawapiga risasi."

"Naam," alisema mmoja, "na wewe utaubeba uende nao kwa mama yako."

"Ni kweli. Wanadhani ninyi ni jeshi."

"Sisi ni jeshi," alisema Bibi Nalinga. "Huyu hapa mwenye ujauzito ndiye mkubwa wetu wa mizinga."

Nilijaribu kwa kuomba, wakanijibu kwa matusi mapya. Nilijaribu kwa kukaripia, wakasema Mngindo amepata homa. Kila nilipotaja kifo walizidi kufurahi, kwa sababu mtani kazi yake ni kukutabiria kifo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeufungua mlango ule, na sasa hakuna neno la kweli lililoweza kupita.

Hapo tarumbeta ya boma ikalia. Nilitazama juu. Bendera nyekundu ilikuwa imepanda.

"Harusi ya nani hiyo?" aliuliza mmoja.

"Ya Mngindo," alisema mwingine. "Wanakuja kumwoa, si unaona amekwisha vua nguo."

Nilipiga magoti mbele ya Bibi Nalinga, nikainamisha kichwa, nikasema polepole, kama ninavyomwambia mama wa mama yangu: "Shikamoo, bibi."

Kicheko kilikatika. Mngindo hampi Mmwera shikamoo, isipokuwa kwa kumcheza shere, na sauti yangu haikuwa na mchezo. Alinitazama. Mtumba wake ulikuwa bado kichwani, na mikono yake ilikuwa imeushika.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Bado, bibi."

Aligeuka akasema maneno machache kwa Kimwera, na mitumba ikaanguka. Tuliisukumia kichakani. Niliwaketisha njiani, watoto mbele, mikono mitupu juu ya magoti. Mimi nilibaki nimepiga magoti kando yao.

Askari walitokea kwenye kona wakikimbia, wakapiga goti, wakalenga. Mkubwa wao, Shaushi, alitafuta mabua vichwani, akaona vichwa. Alitazama watoto. Alinitazama mimi bila kanzu.

"Waasi wako wapi?"

Nilianza kumweleza tangu mwanzo, kama ilivyo tabia yangu. Akaniambia nifupishe.

"Hawapo, Shaushi."

"Bendera imepanda."

"Imepanda kwa makosa."

"Bendera ya serikali," alisema Shaushi, "haikosei."

Hata hivyo hakufyatua, na askari wake hawakufyatua. Lakini alihitaji kurudi na kitu. Walipekua kichaka wakaikuta mitumba, na kwa kuwa mabua ya mtama ni alama ya adui, mtama wote ukachomwa pale pale. Harufu yake ilikuwa ya bisi. Watoto walisogea karibu na moto, wakazuiwa.

Bwana aliandika kwao kwamba adui amezuiliwa na mali zake zimeteketezwa, na sioni neno moja la kumsahihisha humo. Feruzi alisifiwa mbele ya gwaride kwa kupandisha bendera kwa wakati. Mimi nilipata hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kwa kuacha mahali pa kazi. Wanawake, waliokuwa wamenifuata mpaka mjini, walikuja wakasimama mbali kidogo, wakamwambia askari apige taratibu kwa kuwa sijaoa, na mmoja akalala kifudifudi kuniiga ninavyolia. Nilicheka, na kucheka ukiwa unachapwa ni vibaya kuliko kulia, msijaribu. Jioni Feruzi alikuja kunipaka mafuta ya nazi mgongoni, huku akinieleza kwa undani jinsi alivyokuwa na uhakika.

Wiki ile Bwana aliamuru kichaka cha nyuma ya kiti kikatwe, na kilima kikapata mandhari ya pande zote. Kazi ya kuutazama upande mpya ilikuwa yetu. Tuliona moshi. Kwanza moshi wa vijiji, kisha wa mashamba, kisha wa maghala, kila siku mbali zaidi, na safari hii hatukuhitaji kuuliza ni wa nani, kwa sababu askari waliochoma walipita mjini kwetu kwenda na kurudi. Bwana alikuja Jumapili chache zaidi. Alikaa palepale, akitazama bahari.

Vita vilipokwisha ikaja njaa. Bibi Nalinga na baadhi ya wenzake walikuwa wamekaa kwetu, uani kwa mama, kwa sababu hawakuwa na pa kurudi na kwa sababu mtani haombi, anaingia. Mjini wali ulikuwepo kwa wenye posho ya serikali, nami nilikuwa nayo, kidogo. Mama aliupika kwa maji mengi, na mchuzi wa papa mkavu ambao papa wake tulikuwa tunamhadithia tu. Huko bara, watu waliofika walituambia, watu walikuwa wanachimba mizizi, na njiani walikuwa wamelala wengi ambao hawakuamka.

Siku moja tulikuwa tumeketi kula. Bibi Nalinga alikuwa amekonda hata ndonya ilimcheza mdomoni. Aliitazama sahani yake, akaizungusha.

"Mngindo," alisema, "siku ile ungetuacha. Tungekufa tumeshiba."

Wenzake walicheka. Mama naye alicheka mpaka akafuta macho. Mimi nilibaki na tonge mkononi. Nilifikiria mitumba ile, kila mmoja ungelisha watu wangapi, na kama ningewaambia waifiche mbali zaidi badala ya pale kichakani, na kama ningetoa shikamoo kwanza na kuuacha utani, tungepata muda gani. Nikafikiri pia kwamba mtani hasemi kweli. Kisha nikafikiri kwamba, akitaka kuisema, hana mahali pengine pa kuisemea.

Nilimsogelea nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, unasema kweli, au ni utani?"

Alinisukumia sahani. "Tia mchuzi kwanza."

Nilitia wote uliobaki, akala mpaka akaifuta sahani kwa kidole.